Alama Nne za Swali la Saba

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu mdogo, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Moli, nami nitayasoma yote, pamoja na sehemu ambayo baadhi yetu tulimwomba aiache naye akakataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa karani wa posta, alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari mwaka 1972, akaenda chuo cha ualimu, na tarehe 5 Januari 1976 akaanza kufundisha kemia katika shule ya wasichana, ambako alikaa miaka thelathini na tano katika maabara ile ile yenye mabomba mawili, moja bovu. Tarehe 20 Agosti 1979 alifunga ndoa na mkunga, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote wapo hapa.

Alisifika kwa kufundisha moli, akisema ni jina la idadi tu kama dazeni, ila idadi yenyewe ni sita nukta sifuri mbili mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu, ukitoka kwenye moli kwenda kwenye chembe unazidisha, ukirudi unagawanya, na kwamba hesabu hiyo haimpigi chenga hata usingizini.

Tarehe 9 Novemba 1987 ilimpiga chenga. Katika mtihani wa kuchuja watakaoendelea na sayansi, swali la saba liliuliza idadi ya atomi katika moli mbili za gesi ya oksijeni, na mwongozo wake wa kusahihishia ukaishia kwenye molekuli, akiwa amesahau kwamba kila molekuli ya gesi hiyo ina atomi mbili. Binti mmoja tu alizidisha tena kwa mbili, akanyimwa alama nne, akabaki na thelathini na nane, wakati waliochukuliwa walianzia arobaini. Alipoileta karatasi kwenye chumba cha walimu, marehemu hakuisoma, alimwambia mbele ya wenzake, "Mwanangu, oksijeni si sungura, usiizalishe," walimu wakacheka, binti akakunja karatasi, akaomba radhi, akatoka.

Februari 1989, akiwaonyesha wanafunzi ndara zilizopangwa mlangoni mwa maabara, aliuliza jozi kumi na mbili ni viatu vingapi, darasa likajibu ishirini na vinne, naye akaganda na chaki mkononi. Alitambua kwamba molekuli ya oksijeni nayo ni jozi na binti alikuwa sahihi, lakini akafuta ubao, akaendelea na somo. Binti alikuwa ameshaacha shule, anajifunza ushonaji, na alipofungua kibanda chake mwenyewe marehemu akawa mteja, akipimwa kiuno, akiamkiwa shikamoo, akiulizwa kama mguu uachwe mpana, kisha anaondoka na neno lake kooni, kwa miaka thelathini, hadi mkewe akamuuliza suruali zote hizo anamvalia nani, na uso ukamshuka.

Machi 2020 alianza kuugua figo. Tarehe 11 Mei 2021, akiwa wodini, alimwita fundi huyo, akamweleza yote, akaomba msamaha. Fundi alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. "Nilijua, Mwalimu," alisema. "Nilirudia hesabu siku ile ile, mara tatu." Kisha akasema, "Ulinicheka mbele za watu. Humu ndani tuko wawili." Hakupaza sauti, alimwekea mto vizuri, akaaga. Marehemu alitaka kupelekwa shuleni akaseme, miguu ikagoma, ndipo akaandika kisa hiki cha swali la saba ninachowasomea, na tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliokuwa wakimbeba hadi garini, na walimu wenzake, wakiwemo waliokuwa chumbani siku ile.

Kwa niaba yake tunatamka mbele zenu, na fundi ameketi mstari wa tatu: atomi katika moli mbili za gesi ya oksijeni ni mbili nukta nne sifuri nane mara kumi kwa kipeo cha ishirini na nne, jibu lako lilikuwa sahihi, alama zako ni arobaini na mbili, ulistahili kuendelea, na aliyecheka ndiye aliyekosea.

Familia haina la kuongeza. Baba mdogo, pumzika.