Wasifu wa Fundi wa Dari Aliyedhani ni Msumari

Tunayemzika leo alikuwa fundi wa dari. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, mwanamke aliyemshikia ngazi kwa miaka kumi na tisa, na ndiye anayeusoma. Humu ndani atajiita "mdogo wake", kwa sababu akisema "mimi" hatafika mwisho. Baba mdogo alishauri kwamba penye ugonjwa paandikwe "aliugua kwa muda mfupi", basi, yaishe. Alishauri kwa nia njema. Mdogo wake amekataa, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Agosti 1966, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kupasulia mbao alikofanya kazi baba yetu. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alilala fofofo msumeno ukinguruma, na Jumapili mashine zikizimwa ndipo alipolia hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Akiwa darasa la tano, mpira wa wenzake ulinasa darini. Alipanga kiti juu ya dawati, akapanda, akaingia kwenye tundu la dari, na akakaa huko vipindi viwili vizima huku mwalimu wa hesabu akifundisha chini na vumbi likimwagika kwenye nywele zake. Aliposhuka, kabla hajaulizwa lolote, alisema, "Mwalimu, boriti ya tatu imepasuka." Alichapwa viboko viwili. Kesho yake alikuja fundi, akakuta boriti ya tatu imepasuka kweli. Mwaka 1981 alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu useremala mwaka 1983.

Mwaka 1984 aliajiriwa karakana ya samani, akafanya kazi humo miaka kumi na minne. Mwaka 1998 alianza kujitegemea na akachagua dari. Mwaka uliofuata alimchukua mdogo wake amsaidie, akampa jina la Mama Ngazi. Yeye mwenyewe watu walimwita Misumari, maana aliibana minne au mitano pembeni mwa mdomo na kuongea nayo humohumo, na wateja wake walizoea kumwelewa hivyo. Glavu hakuwahi kuvaa. "Darini macho hayana kazi," alisema. "Vidole ndiyo taa." Mdogo wake aliwahi kumnunulia jozi mbili za glavu za ngozi. Moja alifungia mpini wa msumeno uliolegea. Ya pili haijulikani iliko.

Walio wengi hapa walimwita kwa ajili ya popo zaidi kuliko kwa ajili ya mbao. Hakuwahi kumuua hata mmoja. Kwanza alihesabu matundu wanayotokea. Aliyaziba yote akabakiza moja, na hilo akalitundikia wavu unaomruhusu popo kutoka lakini haumruhusu kurudi. Alisubiri siku kadhaa, akahakikisha wote wameondoka, ndipo alipoziba na lile la mwisho. Mteja akiwa na haraka na kupendekeza moshi au sumu, marehemu alianza kukusanya vifaa vyake polepole, kimoja kimoja, mpaka mteja aombe radhi.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1992, na karani wa posta. Karakana ilimtuma marehemu posta kutengeneza dari juu ya meza ya stempu ya karani huyo, kazi ya siku moja. Akaifanya kwa siku sita. Mkuu wa posta alidhani dari ina matatizo makubwa, kumbe mwenye matatizo alikuwa fundi. Siku ya sita wifi yetu alimwambia, "Wewe kaka, ama ushuke useme unachotaka, ama uache kunimwagia vumbi." Alishuka. Mungu aliwajalia watoto watatu, na katika nyumba yao mdogo wake hakuwahi kugonga mlango kama mgeni.

Sasa tufike kwenye ugonjwa.

Jumanne, tarehe 9 Januari mwaka huu wa 2018, saa nne asubuhi, marehemu alikuwa darini kwenye stoo ya vitabu ya shule ya msingi. Popo walikuwa wameshatolewa kwa njia yake ya wavu, na siku hiyo alikwenda kung'oa misumari ya zamani. Alipitisha mkono nyuma ya boriti, kwenye giza, akitafuta kichwa cha msumari kwa vidole. Mdogo wake aliyekuwa chini alimsikia akiguna.

"Umechomwa?"

"Msumari," alijibu, huku ana mingine mdomoni. Akanyonya kidole, akatema mate, akaendelea na kazi. Lilikuwa jambo la kila wiki.

Haikupita nusu saa akaita tena. "Mama Ngazi, kuna mmoja amebaki. Hata kuruka hawezi, anatambaa tu. Mpokee, umweke kivulini."

Alimteremsha akiwa amefungwa kwenye kitambaa cha kufutia jasho. Alikuwa popo mdogo, hazidi kidole gumba, na mdomo wake ulikuwa wazi muda wote. Mdogo wake alipokuwa akimweka juu ya ukuta, popo alijipindua akamkwaruza juu kidogo ya kiganja. Kama lilikuwa jino au ukucha, hajui mpaka leo. Alinawa kwa sabuni kwenye bomba la shule, kwa kuwa mkono ulinuka, na hakumwambia mtu.

Mchana marehemu alipitia zahanati, kwa sababu alikuwa mwangalifu sana na misumari yenye kutu. Muuguzi alimuuliza, "Umechomwa na nini?"

"Msumari, dada."

"Wa lini?"

"Kuchomwa ni leo. Msumari wenyewe una miaka kunizidi."

Muuguzi alicheka, akamchoma sindano ya pepopunda. Mdogo wake alikuwa ameketi naye benchi moja. Yeye ndiye aliyempokea popo, na mkwaruzo ulikuwa bado unawasha chini ya mkono wa gauni. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Muuguzi hana kosa, maana alitibu alichoambiwa. Ni sisi wawili tuliozoea misumari mno hata tukasahau kwamba darini mna vitu vingine vyenye ncha. Mdogo wake amelirudia benchi hilo kwa mawazo kila siku tangu wiki iliyopita, na kila akirudi amekaa kimya vilevile.

Kidonda kilikauka baada ya siku mbili. Mwezi ukapita. Alhamisi, tarehe 8 Februari, marehemu alianza kulalamika kwamba kidole kinamtekenya kwa ndani, na akakikuna mpaka kikatoka damu. Jumapili alikuwa na homa. Wifi alimletea chai, akainua kikombe, na mkono ukagoma katikati ya njia. Alijaribu tena. Koo lilikaza, kifua kikaruka, kikombe kikamtoka. "Ni nini hiki?" alimuuliza mkewe. Mtu aliyetembea juu ya boriti nyembamba maisha yake yote alikuwa anatetemeka mbele ya chai. Wifi alipofungua dirisha ili apate hewa, ule upepo ulipomgusa shingoni alipiga kelele.

Jumanne tarehe 13 alilazwa. Daktari, mama mmoja mtulivu, alituita pembeni.

"Aliumwa na mbwa?"

"Hapana," wifi alisema. "Hatufugi mbwa, na hata wa majirani hawamsogelei."

"Paka? Mnyama mwingine yeyote?"

Mdogo wake alisogea mbele. Alimweleza daktari habari za stoo, za boriti, na za popo aliyeshindwa kuruka. Daktari aliandika yote. Kisha akauliza, "Wewe alikugusa?"

"Nilimpokea kwa kitambaa," alisema mdogo wake.

Alidanganya. Hakuogopa sindano. Aliogopa kwamba akisema ndiyo, basi kilichokuwa kikimtesa kaka yake kule ndani kingekuwa chake pia. Alikuwa amekiona kwa saa nzima, na alitaka kitu hicho kisijue anaishi wapi. Usiku ule alikikagua kile kikovu mara ngapi, hawezi kusema.

Jumatano asubuhi marehemu alitulia. Ugonjwa huu, tulielezwa baadaye, humwachia mtu akili zake kwa vipindi, na huo ndio ukatili wake. Alimwita mdogo wake. Alikuwa amefungwa mikono kwa vitambaa laini ili asijiumize, na midomo imekauka.

"Mama Ngazi. Siku ile niliposhuka ulinukia sabuni, uliosha mkono bombani."

"Ulinuka."

"Miaka kumi na tisa unakula karanga na mikono ya vumbi. Leo harufu ya popo ndiyo ikuoshe? Alikukwaruza?"

"Hapana, kaka."

Alifumba macho, akakusanya pumzi. "Mimi huwa sikuoni ukiwa huko chini. Nakuuliza ngazi iko sawa, unasema iko sawa, nakanyaga. Siku zote nilikanyaga. Haya, nakuuliza tena. Alikukwaruza?"

Mdogo wake alinyoosha mkono akamwonyesha.

Marehemu aliutazama. Kisha akaita kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, "Daktari, mchomeni huyu! Mchomeni sasa hivi, msingoje jioni!" Mlango ulifunguliwa, upepo ukaingia, koo likamkaba. Hakusema tena neno lililoeleweka. Dakika ishirini baadaye mdogo wake alikuwa anachomwa, dawa moja begani na nyingine kuzunguka kile kikovu, akilia mpaka muuguzi akamshikia kichwa.

Ndugu yetu alifariki Jumamosi, tarehe 17 Februari 2018, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Wifi alikuwa kando yake. Mdogo wake alikuwa jengo la pili akipata sindano ya pili, kwa kuwa tarehe za sindano hizo hazingoji msiba.

Daktari ametueleza, naye ameturuhusu tuseme. Virusi vya kichaa cha mbwa vina ukoo wao, na ukoo huo una ndugu wengi. Baadhi yao huishi ndani ya popo. Chanjo iliyopo ilitengenezwa kwa ajili ya yule wa mbwa. Ndugu zake wa karibu inawazuia vizuri. Walio mbali katika ukoo haiwashiki sawasawa. Sampuli ya marehemu imepelekwa maabara ili ijulikane aliyemuua ni yupi. Majibu hayajaja. Mdogo wake alimuuliza daktari, "Na mimi?" Daktari akamjibu, "Kunawa kwako kulisaidia. Sindano tunakupa zote. Zaidi ya hapo sitakuahidi, maana nikikuahidi nitakuwa nabahatisha."

Ndiyo sababu "aliugua kwa muda mfupi" haikuandikwa. Kama ingeandikwa hivyo, kesho mtu mmoja kati yenu angeokota popo aliyeanguka mchana kweupe, aguswe kidogo tu, na aseme ni msumari. Mliowahi kumgusa popo kwa mkono mtupu, hata zamani kidogo, nendeni hospitali mkiwa wazima, mtaje popo kwa jina lake, hata kama hamkuulizwa. Maji na sabuni kwanza, robo saa nzima, kisha sindano. Na wale wanaume waliobeba mafuta ya taa jana kwenda kuchoma paa la shule, wamerudishwa na wifi yetu mwenyewe. Aliwasimamisha mlangoni mwa stoo akawaambia mumewe hakuwahi kufanya kazi ya namna hiyo, na haitafanywa kwa jina lake. Ameshukuru kwamba waliondoka bila kubishana.

Tumeona pia kwamba watu wengi leo wanatupa pole kwa mbali. Hatuwalaumu, na sisi tulivitazama vikombe vyetu siku tatu kabla ya kuvishika. Lakini mkono wa pole hauambukizi, na wifi anauhitaji.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mmoja mwalimu na mmoja mshonaji, mtoto wa kiume anayesomea umeme, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada watatu.

Katika hao dada watatu, wa mwisho ana sindano ya tatu kesho saa mbili asubuhi, na ya nne Jumatano ya wiki ijayo. Kila akiamka sasa, kabla hajasema na mtu, hujaza maji kwenye glasi na kuyanywa akiwa amesimama, ashuhudie yanashuka kooni. Leo asubuhi yalishuka. Koo lake limekauka kwa kusoma, na hapa mezani kuna maji. Atakunywa sasa hivi. Anawaomba msimtazame.

Kaka, lala. Aliyekuwa chini amekujibu kweli.