Bakuli Jeusi la Jepkemboi

Wasikilizaji wapendwa, kama una chai mkononi, iweke chini kidogo. Leo nimeingia studioni na hasira, na sina mpango wa kuificha. Tunamkumbuka Jepkemboi Kibii, sonara wa mtaa wa Bondeni, mama aliyefua bakuli la fedha kwa mikono yake mwenyewe. Jepkemboi alizikwa Jumamosi iliyopita kule Elburgon. Bakuli lake liko hapa Nakuru, ndani ya kabati la kioo, kwenye jumba la makumbusho ambalo sitalitaja. Linang'aa. Na huko kung'aa ndiko kulikomtesa.

Tuanzie mbali. Jepkemboi alizaliwa Elburgon, baba yake akipasua mbao. Akiwa msichana aliletwa Nakuru kufagia duka la sonara mmoja. Kutoka ufagio akashika koleo, kutoka koleo akashika nyundo. Baadaye akafungua kibanda chake Bondeni, akitengeneza pete za harusi na hereni. Ukimwambia aharakishe, alikurudishia pete yako ukatafute fundi mwingine.

Bakuli lenyewe alilifua uzeeni. Alikusanya vipande vya fedha vilivyobaki kwenye kazi zake, akaviyeyusha, akavigonga vikawa bamba. Alikuwa na gogo la kutoka kwao, limechimbwa shimo katikati. Juu ya shimo hilo aligonga lile bamba, akalipasha moto lilainike, akagonga tena, mpaka likajikunja likawa bakuli. Nje akachora mapambo ya shanga, kama yale yanayoshonwa kwenye kibuyu cha maziwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu walipopotea. Ndani ya bakuli alitaka pawe peusi. Kwao, maziwa ya mursik hulazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa. Kibuyu bila makaa ni kibuyu kichafu. Mama yake alikuwa akisugua chake kila jioni, na Jepkemboi alitaka bakuli la kumkumbuka mama yake. Nje fedha, ndani weusi wa makaa.

Lakini makaa hayashiki kwenye fedha. Kwa hiyo alilibeba bakuli mpaka Longonot, kwa rafiki yake mwenye shamba ambalo ardhi yake inatoa mvuke wenye harufu ya yai viza. Akakandika udongo upande wa nje, akaliinamisha bakuli juu ya mvuke, akangoja. Fedha ikawa manjano, ikawa kahawia, ikawa samawati, mwishowe nyeusi tii. Mdogo wake, Cheptanui, alikuwa naye. Ameniambia hivi: "Alipoigeuza alikaa chini kwa nyasi akalia. Akasema, 'Cheki, ni kibuyu ya mama.'"

Jumba la makumbusho likaliomba bakuli, naye akalitoa bure. Akaombwa alieleze. Akasema, "Mwenye macho ataona." Huyo ndiye Jepkemboi wenu, na hapo nimemkasirikia hata yeye.

Siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa, mfanyakazi wa usafi, Bwana Khaemba, aliliona bakuli jeusi ndani. Khaemba amelelewa Bungoma, kwa mama ambaye hakuruhusu sufuria yenye masizi ionekane na mgeni. "Mgeni rasmi alikuwa anakuja kesho yake," ameniambia. "Nikaona aibu kwa niaba ya mathe aliyeitengeneza. Nikachukua jivu na ndimu, nikasugua hadi nikajiona sura."

Siku ya ufunguzi Jepkemboi akaja na koti lake la kanisani. Watu wakampigia makofi. Akachungulia ndani ya bakuli, akageuka, akatoka bila hata kuonja soda.

Khaemba alikosea kwa heshima, wasikilizaji. Alimfuata mpaka Bondeni kuomba radhi, na Jepkemboi akampikia chai. Wakawa marafiki. Lakini ile ofisi ya makumbusho? Jepkemboi aliomba kitu kimoja. Apewe bakuli alirudishe Longonot kwenye mvuke, kisha alilete likiwa jeusi. Kitu kimoja tu. Akaambiwa, "Mama, kitu kikishaingia hapa hakitoki." Akarudi. Akaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Akarudi. Akaambiwa wageni wanalipenda linavyong'aa. Akawauliza, "Mimi ndio niliitengeneza, nitaiharibu aje?" Wakamwambia si ruhusa kuligusa. Jamani, aliyelifua hana ruhusa ya kuligusa.

Miaka ikaenda. Miguu ikavimba, ngazi za ofisi zikamshinda. Ikabaki kumuuliza Khaemba kila akija kumjulia hali, "Bado iko nyeupe?" Khaemba anajibu, "Bado, mathe." Hata kitandani hospitalini alimuuliza hivyo hivyo, akapata jibu lile lile.

Jumamosi, ofisi ikatuma rambirambi. Mnajua walituma nini? Picha kubwa ya bakuli, kwenye fremu ya kioo. Linang'aa. Ikawekwa juu ya jeneza pale nyumbani kwao, mchungaji akaanza kuomba. Cheptanui hakufunga macho. Aliingia jikoni akatoka na makaa ya kusugulia kibuyu na kikombe cha maziwa. Akayasaga kiganjani, akachovya kidole gumba kwenye maziwa, akaanza kupaka kioo cha picha, pale pale kwenye mdomo wa bakuli, polepole, mpaka ndani pote pakawa peusi. Hakuna aliyemzuia. Khaemba alisogea akaishika fremu isiteleze. Cheptanui alipomaliza alijifuta kwa leso, akasema, "Sasa twende." Picha ikashuka kaburini pamoja na Jepkemboi.

Kwa Cheptanui, kwa Kiprugut mwana wa marehemu, na kwa majirani wote wa Bondeni, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, angalia kitu ulichoachiwa na mzazi wako, kile unachoona kimechakaa au kimeshika uchafu. Kabla hujakisugua, uliza. Kama mwenyewe bado yuko hai, nenda leo.

Asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilimpigia Khaemba simu. Nikamuuliza lile swali la Jepkemboi.

"Bado, madam," akanijibu. "Bado iko nyeupe."