Siku Sista Nyanzobe Alipoitazama Ngozi ya Ikram

Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu, mashehe na wachungaji, ndugu zangu madereva na wafanyabiashara wa Tunduma, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni Salum Othmani, dereva wa lori. Nimeombwa nimuage Sista Nyanzobe, muuguzi wetu, anayestaafu leo. Lakini nitamsifuje bila kujishtaki mwenyewe?

Miaka saba iliyopita nilirudi kutoka Zambia nikamkuta binti yangu Ikram, mwenye wiki tatu, ana malengelenge mikononi na magotini kama aliyemwagiwa uji wa moto. Mke wangu Raudha aliapa hakumuunguza. Nani alimwamini? Mama yangu hakumwamini, majirani hawakumwamini, na mimi mumewe nikamwambia mbele yao, "Rudi kwenu, mtoto abaki."

Tulipompeleka mtoto kituoni, Sista alikataa. "Mtoto ananyonya. Mama haondoki." Akawalaza wote wawili wodini, akawaangalia mwenyewe. Siku ya tatu akaniita.

"Salum, hili lengelenge jipya limetoka mtoto akiwa chini ya uangalizi wangu. Nalo nimemchoma mimi?"



Akatuandikia rufaa, na akamhifadhi Raudha na mtoto nyumbani kwake miezi minne tukingoja majibu. Yalipofika, daktari alinieleza taratibu: kwenye tabaka la chini la ngozi kuna seli shina, zinazozaa ngozi mpya kila siku, na jeni ndizo huziamuru zigawanyike lini, zitulie lini, zishike wapi. Kwa Ikram jeni moja haitoi amri yake, ngozi inabanduka hata kwa mshono wa nguo.

"Kairithi kwa mama yake?" nikauliza.

"Kwenu wote wawili. Nusu ni yako."

Ndugu zangu, nilikaa chini nikalia, na kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu safari ile. Nikamfuata Raudha, nikamwambia. Akasema, "Mimi nilijua. Nilikuwa nakusubiri wewe ujue."

Ugonjwa haujapona. Tunafunga bandeji laini kama Sista alivyotufundisha, na Ikram yuko darasa la kwanza. Sista, wengine wangeita polisi. Wewe ulitazama kwanza. Nenda kwenu Chitete ukapumzike, mama yetu.

Raudha, nyumbani nilishakuomba radhi. Lakini nilikulaumu mbele za watu, na radhi ya chumbani haitoshi. Mbele ya watu hawa wote: nilikosa, nisamehe.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu.