Mjomba Wenu Hakuwaroga Lama

Sogeeni karibu, wanangu. Eulalia, acha hicho chungu, viazi vitaiva vyenyewe. Severo, kaa upande huu wa sikio zima. Hilarion, ndugu yangu, wewe baki hapo hapo mlangoni uliposimama, maana kila nitakalosema linakuhusu, na mtu asinikatize mpaka nimalize, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na aibu niliyonayo ni kubwa.

Leo ni siku ya nane tangu nijue ukweli. Mnakumbuka wale watoto wawili wa lama waliozaliwa vipofu mvua hizi, na jinsi wewe Severo ulivyokwenda huku na huku ukinong'ona jina la jirani yetu mjane, kwamba ana jicho baya. Kisha akaja yule daktari wa mifugo, msichana mdogo kuliko Eulalia. Akawashika taya, akawaangalia macho, akaniuliza baba yao ni nani. Nikamwambia ni lile dume fupi la Severo. Na babu yao kwa upande wa mama? Nikamwambia ni huyo huyo. Akasema, "Basi, mama, hapa hakuna ugonjwa wala mchawi. Mmemzalisha dume na binti zake." Alisema hivyo huku ananawa mikono, kama mtu anayesema mvua imekatika. Mimi nikakaa chini palepale kwenye matope.

Kwa sababu nilimwona Jiska tena, lile dume letu fupi la zamani.

Ninyi mlikuwa wadogo. Jiska alizaliwa kwa mama wa kimo cha kawaida, lakini yeye hakukua. Alipotimiza miaka mitatu mgongo wake haukunifika kiunoni. Baba yenu Fermin alitaka tumchinje, mimi nikakataa, na watu wa mjini walipomwona wakaanza kupanda huku kuulizia lama wadogo. Nikaingiwa na tamaa. Nikampa Jiska majike yote, kisha binti zake, kisha wajukuu zake, na kila mwaka walitoka wadogo zaidi, wazuri kama vikaragosi vya sufi, nami nikijiona fundi. Mjomba wenu, ambaye malisho yake na chemchemi yake vilipakana na vyetu, alisimama siku moja mpakani akaniambia, "Dada, badilisha dume. Hawa watoto hawatakuwa wazima. Chukua langu jeupe." Nikamjibu, "Unanionea wivu, nenda zako!"

Mvua zilizofuata Fermin akafia mgodini, na miezi minne baadaye wakazaliwa watoto watano. Mmoja kipofu. Wengine wanne pua zimeziba. Wakishika titi wanakosa hewa, wakiliachia wanalia njaa, mpaka wakafa mikononi mwangu mmoja mmoja. Nikajiuliza, Hilarion alijuaje? Nani hutaja msiba kabla haujafika kama si aliyeutuma? Nikaenda mbele ya mkutano wa kijiji na ninyi wawili nimewashika mikono, nikamtaja ndugu yangu wa tumbo moja kuwa ni mchawi, na nikamtemea mate usoni. Mwenyekiti akamuuliza, "Hilarion Colque, una la kujibu?" Akanitazama mimi, akawatazama ninyi, akasema, "Sina." Wakamnyang'anya malisho na chemchemi wakanipa mimi, tukayazungushia ukuta wa mawe, naye akashuka mjini Oruro kubeba mizigo sokoni kwa miaka kumi na tisa.

Mwaka ule ule radi ikamuua Jiska. Baba wa ubatizo wako, Eulalia, akaniazima dume jeupe, watoto wakazaliwa wazima, nami nikawa natangaza kila mahali kwamba uchawi umeondoka na mchawi wake.

Severo, usimwambie dada yako kwamba mama anaweweseka, nimekusikia. Siweweseki. Sikiliza, bado hujasikia lililoniangusha kitandani.

Juzi Hilarion alipofika kwa wito wangu, nikamuuliza, "Ulijua ni damu ya Jiska?" Akasema, "Nilijua." "Mbona mkutanoni hukusema?" Akavua kofia. "Dada, ningesema, wazee wangeamua Jiska achinjwe siku ile ile pamoja na kizazi chake chote. Ungebaki na nini? Mumeo kafa juzijuzi. Mimi nilikuwa na mgongo wa kubebea mizigo. Wewe ulikuwa na hawa wawili." Na lile dume jeupe, wanangu, lilikuwa lake! Alimwachia yule baba wa ubatizo siku anaondoka, akamwapisha asitaje jina. Hilarion akacheka, jamani, akacheka. "Halafu ungenisikia saa ngapi? Ulikuwa unatema mate kuliko jike mwenye mimba akisogelewa na dume."

Basi haya ndiyo ninayowaachia. Majike kumi na manne ni ya Eulalia, kumi na manne ni ya Severo, na nyumba ni ya Severo. Dume lako, Severo, lihasiwe wiki hii, na watoto wake wote wa kiume pia; tafuteni damu ngeni, hata kama itawachukua miaka kurudisha kile kimo kifupi wanachokitaka watu wa mjini. Yule mjane mpelekeeni nyama kavu, na wewe Severo umpelekee kwa mkono wako. Malisho na chemchemi ni vya Hilarion, vilikuwa vyake daima. Itisheni mkutano, mseme mbele ya watu wote, wale wale, kwamba Basilia Colque alisema uongo. Msisubiri nizikwe. Mimi mwenyewe ningekwenda, lakini miguu...

Ngojeni kidogo. Maji. Ahsante, mwanangu.

Mama Ardhi awape watoto wenye macho. Awape ndugu mnaosikilizana mkiwa bado hai. Hilarion, njoo sasa, uniwekee mkono hapa. Mzito. Mkono wa mzigo.

Severo. Ukuta ule uubomoe kwa mikono yako. Mawe yote. Usiniitikie kwa kichwa, baba, sikuoni tena. Sema kwa mdomo, mjomba wako asikie.

Kwa sauti.

Haya. Nimesikia.