Kikapu Ninachodaiwa na Bibi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, tangu benchi la mbele hadi kwenu mliosimama mlangoni!

Nawataja kwanza waliokuwepo siku ile, ili nikiongeza chumvi wanisute hapa hapa. Alikuwepo Bibi yangu Maria, yule pale kwenye kiti cha plastiki. Alikuwepo Mama Elia, mke wa shemasi wetu. Walikuwepo majirani zetu wa Mungaa, Mzee Hamisi na Bi Zaituni, ambao huswali msikitini lakini Alhamisi tunakuwa nao hapa kwenye banda la kanisa. Alikuwepo mdogo wangu Neema. Na mimi Elisante.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule nikashika jembe, wadogo zangu wabaki darasani. Bibi alishika ukindu. Vikapu vyake viliuzwa mnadani, tukapata madaftari na chumvi. Mungu ni mwema!

Wadogo zangu walipojitegemea, nikasema sasa Bibi apumzike. Kila alipogusa kazi nilimnyang'anya: Bibi kaa, Bibi acha. Niliogopa watu waseme mjukuu bado anamtumikisha kikongwe. Wiki ya harusi ya Neema, nikifagia uwanja kwa ajili ya wageni, nikakuta kikapu alichokifikisha nusu. Nikakitupa motoni pamoja na ukindu wake. Sindano yake kubwa ya kusukia nikaificha juu ya kabati. Ndugu zangu, nilidhani nimemheshimu!

Bibi hakugomba. Akawa anakaa ameelekea ukuta, uji unapoa mbele yake, vidole vikichezacheza juu ya kanga. Alizoea kuniita mume wangu kwa utani. Utani ule ukaisha. Siku moja akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Zahanati walimpima, wakampa dawa ya presha, akaimeza. Lakini kula hakula. Nikafunga na kuomba. Nikamwambia Mungu: huyu ndiye mzazi niliyebaki naye, usimchukue akiwa hanijui!

Mungu alinijibu kupitia kwa Mama Elia. Alikuwa amejifunza kwenye semina ya kutunza wazee kwamba kuchora, kufinyanga na kusuka humchangamsha mzee, mikono na moyo. Akaanza kuwakusanya wazee kila Alhamisi kwenye banda la kanisa. Alinifuata mara mbili, nikakataa. Nikamjibu kuwa Bibi yangu si mtoto wa chekechea. Mara ya tatu Neema akanijia juu: "Kaka, umemfungia ndani kama kuku anayeatamia. Leo anakwenda!"

Tulimkuta Mzee Hamisi anafinyanga ng'ombe wa udongo, na Bi Zaituni anamchokoza: "Ng'ombe gani hana mkia? Umemwiba wapi?"

Mama Elia akaweka ukindu mwekundu mapajani mwa Bibi. Neema akafungua pindo la kanga yake, akatoa ile sindano niliyoificha; kumbe alikwisha kuiona juu ya kabati. Bibi akaunusa ukindu. Akauvuta kati ya vidole. Kisha akaanza duara la kwanza la kitako cha kikapu, wala haangalii mikono yake. Hata Bi Zaituni akasogeza kiti aone. Bibi akainua uso, akanitazama sawasawa.

"Mume wangu," akasema, "kile kikapu changu ulichokichoma, utanilipa lini?"

Haleluya! Kumbe aliniona siku ile! Nikapiga magoti, nikalia mbele ya watu. Nikasema, "Nisamehe, Bibi. Nitakununulia kingine."

"Cha kununua sitaki. Utakisuka."

"Kwa vidole hivyo kama mipini ya jembe?" Bi Zaituni akacheka. "Tutazikwa wote hatujakiona!"

Ndugu zangu, leo Bibi anakula. Analala vizuri. Zipo siku anasahau jina la Neema, sifichi, lakini akishika ukindu kidogo linamrudia. Wewe mwenye mzee nyumbani, usimnyang'anye kazi ya mikono yake ukaita heshima. Mlete Alhamisi, na umwamini Mungu aliyeiumba mikono hiyo.

Kikapu changu kilifika vidole vinne kwenda juu, nacho kikalala upande kama paa lililopigwa na upepo. Jana Bibi alikifumua tena, mara ya tatu hii. Anasema hafi mpaka nimlipe.

Ndugu zangu, mimi sina haraka.