Risala ya Wafuaji Waliogawana Bima ya Afya

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa mfuko wa bima ya afya wa serikali, karibu katika chumba cha kufulia cha hospitali hii. Sisi tunaokuzidi umri tutaingoja shikamoo yetu baadaye, hatuna haraka.

Leo kabla hakujapambazuka, nyumbani kwa mwenzetu Mama Pasi kikombe kiligonga sinki, kikagonga ukuta, kisha kikagonga bomba. Macho yake yameingia ukungu, na bomba halioni mpaka kikombe kiligonge. Hiyo ndiyo sababu tumefua mapazia na kukualika.

KAZI YETU

Sisi ni wanawake wanne tunaokaribia kustaafu. Hapa hakuna anayefua shuka peke yake. Mmoja huloweka, mwingine hukamua, Mama Pasi hupiga pasi, na mimi ninayesoma hukunja. Mgonjwa mmoja aliwahi kututumia salamu kwamba shuka letu lilimpa usingizi kuliko sindano. Salamu hizo tunazo mpaka leo.

MAFANIKIO

Mfuko wako ulitutangazia kwamba kila anayekaribia kustaafu atapata bima ya msingi, na achague nyongeza moja: macho, meno, mifupa au uzazi. Tukaketi juu ya mabunda ya shuka, tukajadiliana.

"Tukichukua macho sote, meno atatibiwa nani?" aliuliza Mlowekaji.

Tukaona mwenzetu ana akili. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tukagawana vidole. Mlowekaji akachukua meno, Mkamuaji macho, mimi mifupa. Uzazi ukabaki pale katikati, kila mtu anautazama kwa pembeni.

Mama Pasi akasema, "Leteni huku. Kazi isije ikaharibika kwa ajili yangu."

Tulimpigia makofi. Tuliamini tumeukatia bima mwili mzima.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, bima si shuka, haifuliwi na watu wanne.

Ukungu ulipozidi, Mama Pasi na Mkamuaji walikwenda kliniki ya macho wameshikana mikono. Wakaulizwa mwenye bima ni nani. Mkamuaji akaketi kitini, akasoma herufi zote ukutani, pamoja na jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa. Daktari akamsifu kwamba ana macho ya mwewe. Akatoka analia.

"Nisamehe, dada. Nilijitahidi nisione, lakini herufi zenyewe kubwa kama milango!"

Mama Pasi ndiye aliyembembeleza.

Wahudumu wa kliniki wakamshauri Mama Pasi aende kwenye dirisha la bima yake mwenyewe. Huko karani akamuuliza mimba ina miezi mingapi.

"Mwanangu, mume wangu tulimzika zamani. Labda nyinyi ndio mna habari zaidi."

Karani alicheka hadi akashika meza, kisha akatoka nyuma ya dirisha lake kumletea kiti na maji. Tunamshukuru, na tunaomba asiadhibiwe kwa kucheka.

Mlowekaji, mwenye bima ya meno, hana hata jino moja. Amesema hilo lisitajwe leo, tusije tukamchosha mgeni.

OMBI LETU

Tumeambiwa chaguo halibadilishwi mtu akishastaafu. Mama Pasi anastaafu Ijumaa. Tunaomba, kwa idhini yako, nyongeza ya macho ihamie kwake, na ya uzazi iende kwa Mkamuaji. Mkamuaji amekubali. Mumewe naye ameshaarifiwa, akasema liwalo na liwe.

Kosa la kugawana ni letu sote. Mama Pasi alichukua kilichokataliwa na wenzake. Asilipwe giza kwa wema huo.

Mungu akupe afya isiyohitaji nyongeza, na mkono mwepesi wa kutia sahihi.

Mwisho, utuwie radhi kwa yaliyotokea getini. Mama Pasi alimshika dereva wako mkono kwa heshima zote, akamshukuru kwa kuacha shughuli nyingi za mfuko. Kijana yule hakumsahihisha. Aliinama tu, akasema, "Asante, mama, nimefika." Tulimwona, na hatutamsahau.

Basi, mgeni rasmi, uje tena kututembelea Mama Pasi akishatibiwa, akushike mkono wewe.

Ni sisi,
Wafuaji wa Zamu ya Asubuhi.