Elwyn Stoddard na Kilima Kilichochelewa Kuitika

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 1969, juu ya Kilima cha Thurber, walikuwapo Bwana Wyman Pell wa idara ya wanyamapori, jirani Floyd Pickett, Bibi Lucinda Stoddard, na mumewe, marehemu wetu Elwyn Harlan Stoddard, wamesimama mbele ya maboksi kumi na saba yaliyopangwa juu ya theluji.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1921 chini ya kilima hicho hicho, jimboni Vermont, akasoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, akafuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, akafunga ndoa na Lucinda Wheelock tarehe 14 Juni 1947, wakajaliwa binti mmoja, Marjorie.

Babu yake alimsimulia kuwa zamani bata mzinga wa mwituni walilia kilimani hapo, kabla bunduki na mashoka hayajawamaliza, naye akatamani aisikie sauti hiyo kabla ya kufa. Mwaka 1957 alilea vifaranga arobaini wa bata mzinga kwa kuku wake, akawaachia msituni. Theluji ilipoanguka wakarudi, wakalala juu ya trekta, wakamfuata Lucinda hadi kanisani, waliobaki wakaliwa na mbweha. Marehemu akaitundika bunduki ukutani, akaapa haishuki mpaka kilima kiitike.

Bata mzinga wa yale maboksi ya 1969 walinaswa kwa wavu katika misitu ya mbali, hawakuujua mkono wa mtu. Maboksi yalipofunguliwa waliruka kama moshi, wakayeyuka mitini. Tangu hapo, kila alfajiri ya majira ya kuchipua, marehemu alipanda kilimani akalia kama bundi, maana dume la bata mzinga halivumilii sauti ya bundi bila kujibu. Walijibu bundi tu.

“Elwyn bwana, harusi ya bundi lini?” Floyd aliuliza dukani. “Nishone suti?”

“Shona. Mshenga ni wewe.”

Tarehe 30 Aprili 1972, katika ukungu, kilima kiliitika. Mwaka uliofuata bunduki ilishuka mara moja tu, Floyd akalishwa paja la bata mzinga, akaliguguna hadi mfupa.

Mapafu yalianza kumsumbua marehemu Januari 1998. Familia inamshukuru Dakta Ames, wauguzi, wenzake wa chama cha wawindaji, na Floyd, aliyekamua ng'ombe miezi minne bila kuombwa. Ulale salama, Elwyn, kilima hakinyamazi tena.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Mei, Marjorie alifungua dirisha, akalia kama bundi, akajibiwa mara tatu na madume ya kilimani, akageuka kumwambia baba yake. Elwyn Harlan Stoddard alikuwa amefariki.